Mrisho Alivyomzingira Siwema

Maneno yalianzia Kariakoo, yakafika nyumbani kwao Magomeni kabla Siwema hajarudi kutoka kazini: eti ameonekana akitoka gesti ya Mchikichini na fundi simu. Gesti yenyewe Siwema haijui hata mlango. Lakini yalimganda. Akiuza mapazia anayasikia, akiswali anayasikia.

Fundi simu kweli alikuwapo. Walikutana Mtaa wa Aggrey, jua kali, wapagazi wakipiga kelele wapishwe. Mkokoteni ukamsukuma Siwema, baibui jeusi, mtandio wa rangi ya ndimu, mpaka kwenye meza ya fundi huyo, Mrisho.

"Umekuja kutengeneza simu au kunivunjia meza, mrembo?"

"Meza yenyewe mbao mbili, unaringa!"

Wakacheka. Gundi ya kioo cha simu yake ikikauka, Mrisho alimfundisha gemu lake la kuteka miji. Linachezwa kwa zamu: unapeleka askari, unasubiri mwenzako naye apeleke wake. Siwema akakimbilia lango la mji wenye ukuta mnene. Askari wake wakafa wote.

"Pole, mpenzi," Mrisho alisema, na neno hilo likamwingia Siwema moyoni. "Mji wa ukuta hauvamiwi langoni. Unafunga barabara zake, unawaondoa rafiki zake mmoja mmoja. Ukibaki peke yake, unafunguka wenyewe."

Mapenzi yakakolea. Mrisho akatuma mshenga kwa mzee Abdulatif, baba yake Siwema. Kama ilivyo desturi, wakubwa hawakujibu palepale. Waliomba muda wamuulizie kijana na ukoo wake. Katikati ya kuuliza, ikaingia posa nyingine, ya Abdulmalik mwenye duka la vitenge.

"Vumilia, baba," Siwema alimbembeleza Mrisho kwenye simu. "Mimi ni wako."

"Navumilia, kipenzi. Zamu yangu itafika."

Ndipo yakazuka yale maneno ya gesti. Abdulmalik akaondoa posa. Mashoga zake wakaacha kumpitia Siwema asubuhi. Mzee Abdulatif akaacha kukaa barazani baada ya swala, mama akapanda presha, akalazwa. Siwema akalia kwamba hajafanya, wasimsikilize. Mwishowe mzee akasema, bila kumtazama binti yake, "Mwambieni huyo fundi aje achukue mzigo wake."

Siwema akapiga simu, analia na kucheka. "Wamekubali, Mrisho! Japo watu wametuchafua."

"Si nilikwambia?" Sauti ilijaa furaha. "Nilimdokeza Shukuru muuza kahawa habari ya gesti, basi. Kariakoo ikamaliza yenyewe. Tumeshinda, mke wangu!"

Siwema akafuta machozi.

"Siwema? Ni maneno tu, tukioana yanafutika. Niliogopa kukupoteza."

"Mama yangu yuko wodini."

"Tutamuuguza pamoja, kipenzi."

"Usije kwetu. Siolewi na wewe."

"Sasa atakuoa nani mwingine?"

Akakata simu. Bado alikuwa anampenda, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Alimweleza baba yake yote. Mzee alilia, lakini hakwenda kukanusha popote; nani angemsikiliza? Mama hakurudi hai kutoka hospitali. Siwema bado anauza mapazia, na maharusi wa watu wanamwomba awachagulie rangi ya chumbani.

Mabinti, na sisi wazazi, tujiepushe na haya:

Kijana anayefurahi ukigombana na watu wako.

Kubeba habari ya gesti ambayo hukuiona kwa macho yako.

Kumwoza mtoto ili kuficha aibu.

Kunyamaza mtoto anapolia kwamba hajafanya.

Kumrudia kijana huyo, hata akipiga simu analia.