Mkono wa Keji Dirishani

Siku arubaini na moja baada ya radi kumuua Keji muuza chai, Nuradin alirudi dukani kwake katika mtaa wa Gurei, jua likielekea kuzama, kuchukua maziwa ya unga aliyoagizwa na mkewe.

"Usikawie," Fowsiya alikuwa amemwambia. "Mawingu hayo si ya mchezo, nawe tangu siku ile..." Hakuimaliza kauli yake. Tangu msiba ule nyumba yao ilijaa kauli zisizomalizwa.

Mvua ilimkuta ndani. Alichomoa waya wa friji ukutani, akajitenga na mlango wa chuma, akaketi juu ya gunia la mchele katikati ya duka. Kisha akaleta tasbihi, akaanza kuhesabu.

Umeme. Moja, mbili, tatu... hadi kumi na tano. Ngurumo. Kilomita tano.

Kuhesabu huko alifundishwa kwao Garissa alipokuwa mwalimu wa madrasa, pamoja na mambo mengine ya huduma ya kwanza. Alifundishwa kwamba mti si mahali pa kujikinga. Alifundishwa kwamba aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwamba huenda moyo wake umesimama tu, na kwamba mikono ya mtu, ikikandamiza kifua upesi, yaweza kuurudisha.

Alilijua hilo siku Keji alipoanguka chini ya mwarobaini, hatua ishirini kutoka dirisha hili. Umati ulipiga kelele: "Usiguse! Moto bado iko ndani yake! Ngoja mzee wa mvua!" Wakangoja mzee huyo aje kuutoa moto wa radi. Naye Nuradin akangoja pamoja nao.

Alijiambia kwamba mgeni hapingi desturi ya wenyeji. Alijiambia pia kwamba mwanamke yule hakuwa maharimu wake, ndugu wa kuguswa. Kwa miaka sita alikuwa akiiweka sukari ya Keji juu ya kaunta, kamwe si kiganjani, na Keji akicheka: "Ya Nuradin! Kwani mimi iko na ukoma?" Lakini Nuradin alisoma fiqhi. Alijua kwamba mbele ya roho inayotoka, sheria yenyewe humwamuru mtu anyooshe mkono.

Aliogopa watu, akamsingizia Mungu.

Umeme. Moja... hadi sita. Ngurumo. Kilomita mbili.

Kisha harufu. Tangawizi... na nywele zilizoungua.

"Ya Nuradin. Sukari iko?"

Sauti ilitoka dirishani, ya chini, isiyo na haraka. Nuradin hakuinua macho. Mikono yake ilifanya jambo ililolizoea: ilichukua pakiti ya nusu kilo, ikaiweka juu ya kaunta.

Pakiti haikuchukuliwa.

"Weka kwa mkono."

Umeme ukawaka, akauona mkono uliopenya kati ya nondo, kiganja kikitazama juu. Ngozi ilikuwa imechorwa michirizi myekundu, iliyotawanyika kama matawi ya mwarobaini. Mvua ilimwagika nyuma yake.

Mkono ulikuwa mkavu.

"Keji," alinong'ona. "Nisamehe."

"Nishike."

Hakuweza.

"Basi shika Tombe," ikasema sauti. "Yeye iko chini ya mti."

Umeme na ngurumo vikaja pamoja. Hapakuwa na hata moja ya kuhesabu.

Tombe alikuwa mume wa Keji. Kila mvua iliponyesha alikwenda kusimama pale alipofia mkewe, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Nuradin alipotoka mbio, dirishani hapakuwa na mtu, naye Tombe alikuwa amelala kifudifudi matopeni. Kutoka barazani watu walipaza kelele zile zile.

"Rudi, tajiri! Moto iko ndani! Utakufa!"

"Hakuna moto!" alilia Nuradin. "Hata siku ile haukuwapo!"

Barazani hakuna aliyeshuka.

Akamgeuza Tombe, akakandamiza kifua kwa nguvu, akihesabu hadi thelathini, akampulizia pumzi, akaanza tena. Juliet, mkaanga chapati, ndiye wa kwanza kusogea.

"Mimi nifanye nini?"

"Tazama mikono yangu. Nikichoka, unipokee."

Walipokezana mara nne. Mara ya tano Tombe akakohoa.

Asubuhi, kabla ya kwenda zahanati, Nuradin alipitia dukani. Usiku kucha alikuwa akijiambia: alimwona Tombe kupitia dirisha, na hofu ikafanya yaliyobaki. Pakiti ilikuwa pale pale juu ya kaunta, karatasi yake safi, haina alama ya moto. Aliichana. Ndani, sukari ilikuwa donge moja jeusi.

Kule zahanati Tombe alilala akiitazama dari. Nuradin akamshika mkono.

"Keji ilikuwa pale," Tombe alisema polepole. "Imekaa kando ya kichwa yangu. Inaangalia tu mikono yako, vile ulikuwa unafanya."

Nuradin alimsogelea. "Alisema neno?"

"Moja tu."

"Neno gani?"

Tombe akamgeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia.

"Imesema, 'Kumbe alikuwa anajua.'"

Ng'ambo ya mto, mbali, pakanguruma. Nuradin hakuwa ameuona umeme wowote. Hata hivyo midomo yake ilikuwa ikihesabu.