Mdogo Wangu Aliing'oa Sauti ya Mama Kwenye Seva Yangu

Nilifungua mlango wa stoo nikamkuta mdogo wangu wa kike amepiga magoti mbele ya seva yangu, bisibisi mkononi.

Mashine imezimwa. Ubavu wake uko wazi, nyaya zinaning'inia. Na diski moja tayari iko ndani ya mkoba wake...

"Irudishe," nikamwambia.

"Sirudishi, dada."

"Unajua kuna nini humo?"

"Najua vizuri. Humo yumo mama."

Akanyanyuka, akanipita, akatoka zake. Mama alikuwa amekaa sebuleni, shali shingoni, anatutazama. Hakusema kitu. Asingeweza.

Ngoja niwaeleze, maana najua wengine mnajiuliza seva ya nini nyumbani.

Mama yetu aliugua koo. Daktari alituambia wazi: upasuaji utamponya, lakini utaondoka na sauti yake. Basi kabla ya upasuaji tukawa tunamrekodi. Hadithi zake. Nyimbo alizotubembelezea. Hata kugomba kwake tulirekodi. Na mama alikuwa anagomba kwa ufundi, jamani, unasemwa huku mbavu huna.

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya macho. Mambo ya kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video. Nilinunua kompyuta kuukuu ya ofisini, nikaweka programu inayoigawa mashine moja iwe kama kompyuta kadhaa zinazoishi nyumba moja. Moja ya kamera za getini, moja ya kujifunzia, moja ya kutunza rekodi za mama.

Diski nilinunua mbili, zilizokwishatumika, nikazifunga pacha: unachoandika kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Kila kitu nikakirundika humo humo.

Kwenye kundi la mtandaoni nilikokuwa nauliza maswali, mtu mmoja aliniandikia, "Weka na nakala nyingine nje ya hiyo nyumba."

Nikamjibu, "Pacha ninayo, ya nini tena?"

Mdogo wangu naye alikuwa haachi kuniomba zile rekodi.

"Ngoja nizipange kwanza," ndilo lilikuwa jibu langu. Na kweli nilikuwa napanga. Mafolda, majina, kusafisha sauti... miezi inakatika, mimi napanga.

Kwa hiyo alipoondoka na diski, mimi niliona wizi. Tena mwizi mwenyewe ni damu yangu.

Nikawasha mashine. Ikaamka, ikinilalamikia kwa maandishi mekundu kwamba pacha mmoja hayupo. Lakini rekodi zote zilikuwepo. Nikamtumia ujumbe: "Kaa nayo hiyo. Mimi ninayo yangu."

Nikanunua diski mpya, nikaichomeka, nikaiamuru ile iliyobaki ianze kumnakilia mwenzake.

Nikiwa jikoni nasuuza vikombe, nikasikia mlio.

Tak... tak... tak...

Kama mtu anayegonga kioo kwa ukucha.

Nikakimbilia stoo. Kunakili kumesimama njiani. Ile diski ya zamani inagonga ndani kwa ndani. Nikazima, nikawasha. Haikuonekana tena.

Nikakaa sakafuni. Jamani, sijui kama mmewahi kufiwa na mtu ambaye yuko sebuleni anakunywa maji.

Nikampigia mdogo wangu. Hapokei. Nikamfuata kazini kwake, kwenye duka la kushona mapazia. Naye anaishi chumba cha juu ya duka hilo hilo. Nikamkuta ameegemea meza ya kukatia vitambaa, macho yamemvimba.

"Dada, kabla hujasema kitu..."

"Iko wapi?"

"Niliichomeka kwenye laptopu. Ikasema haisomeki. Ikaniuliza kama niifomati."

"Ukafanyaje?"

Akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa mezani.

"Nakuuliza, ukafanyaje?"

"Nilidhani kufomati ndiyo kuifungua."

Sikumpiga, ingawa mkono ulishanyanyuka. Nilimwambia kufomati ni kufuta, ameiua sauti ya mama. Naye akaniambia mimi ndiye niliyeizika stoo ikiwa hai. Mteja aliyekuwa anapimiwa pazia aliaga taratibu akaondoka. Tulirushiana maneno ambayo hayaombewi msamaha siku hiyo hiyo.

Halafu tukaenda pamoja kwa fundi wa kuokoa data. Njia nzima hatukusemeshana, diski mbili zimelala kwenye mkoba mmoja.

Fundi akazigeuza geuza. "Ulizinunua pamoja?"

"Ndiyo. Duka moja."

"Zimetumika pamoja, zimezeeka pamoja. Kumnakilia mwenzake ni kazi nzito, na hii ilikuwa imeshachoka. Imefia kazini."

"Na iliyofomatiwa?" mdogo wangu akauliza.

"Kama hamjaandika kitu juu yake, naweza kuokota kidogo. Siahidi."

Aliokota. Si zote. Nyimbo zilikwenda. Hadithi zilirudi vipande, nyingine hazina mwisho. Kilichosalimika sana ni kugomba.

Tukarudi nyumbani kumweleza mama. Hata sijakaa nikaanza kumshtaki mdogo wangu, namna alivyoingia kwangu kama kibaka. Mama akaninyanyulia kiganja. Akachukua simu yake, akaandika, akanipa nisome.

"Nilimtuma mimi."

Nikamgeukia mdogo wangu. Anatazama chini. Matusi yote yale aliyameza, na hakumtaja mama hata kwa bahati mbaya.

"Mama, kwa nini hukuniomba mimi?"

Akaandika tena, polepole.

"Nilikuomba. Ukasema ngoja nizipange. Nimeanza kuisahau sauti yangu."

Mdogo wangu ndiye aliyemvalisha spika za masikioni, akafungua rekodi moja: mama anamsema mtu aliyeacha sufuria bila mfuniko. Mama akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika. Tukajua analia... kumbe anacheka, bila sauti. Halafu akalia kweli, nasi tukamfuata.

Siku hizi mashine ya kujifunzia na ile ya kamera zina diski yao. Nikiharibu, naharibu huko huko. Rekodi ziko kwenye pacha wapya, kila mmoja nimemnunua duka lake. Nakala nyingine iko kwa mdogo wangu. Nyingine iko kwenye simu ya mama, na yeye ndiye anayezisikiliza kuliko sisi wote.

Mimi na mdogo wangu tunaongea, ila bado si kama zamani. Zile nyimbo aliziimba yeye, mimi nikarekodi, mama akimtikisia kidole kila alipokosea. Si sauti ile. Lakini nyimbo ni zile.

Mnaoniuliza mnunue diski ya ukubwa gani, ukubwa utaujua tu ukipiga hesabu. Pacha itakusaidia diski moja ikifa, haitakusaidia mkono ukikosea. Weka nakala nyumba nyingine. Na kabla hujanunua chochote, mtafute mwenye hicho unachomtunzia, umuulize kama na yeye anacho.