Nyayo Chumbani kwa Hilja

Kulikuwa bado giza Hilja alipotoka kwenda kiwandani. Wanaume wengi wa Tampere, mji wa viwanda nchini Finland, walikuwa vitani, na kazi zao zilishikwa na wanawake. Hilja alikereza maganda ya mabomu kwenye mashine ile ile aliyoiacha mumewe, Urho. Jioni alirudi ananuka mafuta na chuma. Kazi aliipenda.

Nyumbani ndiko kulikomtisha.

Tangu baridi izidi, mama mkwe wake, Amanda, alisikia mtu akitembea chumbani. Nyayo nzito, za buti. Zilikuja polepole, zikasimama nyuma ya kiti chake. Kisha Hilja naye akazisikia. Jioni moja aliona kivuli cha mwanamume mrefu kando ya mlango, kimeinamisha kichwa. Alipofikicha macho, hapakuwa na mtu.

"Ni Urho," Amanda alinong'ona. "Mwanangu amekufa. Amekuja kudai mashine yake."

"Mama, usiseme hivyo! Hatujaletewa habari yoyote mbaya."

"Wewe umeshika kazi ya mwanamume, unadhani atapumzika? Acha hicho kiwanda!"

Kila asubuhi kichwa kilimgonga Hilja. Binti yake mdogo, Raili, alitapika uji. Siku moja kiwandani kizunguzungu kilimshika Hilja, mkono ukateleza kuelekea kwenye chuma kinachozunguka. Nusura vidole viende. Je, ni Urho aliyemsukuma?

Akaamua. Jumatatu angemwambia msimamizi kwamba anaacha kazi.

Jumapili mchana theluji ilianguka. Kuni zilikuwa haba, kwa hiyo Hilja aliwasha jiko dogo la ukutani. Moto ulipopungua, alifunga kifuniko cha bomba la moshi ili joto lisitoke, kama alivyofanya kila siku tangu baridi izidi. Wote watatu wakakaa. Baada ya muda nyayo zikaanza. Safari hii zilikuwa nyingi, kama kikosi kizima kikizunguka meza. Raili alikuwa amelala sakafuni. Hilja alitaka kumwinua, lakini miguu ilikataa.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Lempi, jirani yao, dereva wa lori la kiwanda.

"Nagonga, nagonga, hamjibu! Mbona mmekaa kama sanamu?" Akamtazama mtoto, akapiga kelele. "Tokeni nje! Upesi!"

Alimbeba Raili, akamvuta Hilja kwa ukosi, akarudi kumchukua Amanda. Akafungua madirisha yote. Nje, kwenye theluji, Raili alikohoa, kisha akalia. Hilja hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile.

"Ni Urho," Amanda alisema, akitetemeka. "Alitaka kutuchukua."

"Si Urho, mama. Ni hewa ya makaa." Lempi alimfunika shali. "Lori langu halina petroli, linakwenda kwa hewa ya kuni zinazochomwa kwenye tangi lake. Hewa hiyo naijua vizuri. Haina harufu wala haionekani. Ikijaa chumbani, kichwa kinauma, unatapika, miguu inalegea. Wengine husikia sauti na kuona watu wasiokuwapo. Mwisho unalala, huamki."

"Lakini moto ulikuwa umeshazimika," Hilja alisema.

"Makaa yalikuwa bado mekundu, sivyo? Ukifunga bomba, hewa mbaya inarudi ndani. Usifunge mpaka makaa yote yawe meusi, yamekufa kabisa. Na mtu akizidiwa, mtoeni nje kwanza, kisha mpelekeni kwa daktari. Twendeni, lori lipo hapo."

Daktari aliwalaza hadi kesho yake. Aliwaambia maneno yale yale ya Lempi.

Tangu siku hiyo walingoja makaa yafe. Chumba kilikuwa na baridi zaidi, nao walilala wamevaa soksi mbili mbili. Raili alimaliza uji wake na kuomba mwingine. Hilja hakumwambia msimamizi neno. Mkono wake ulitulia kwenye mashine.

Wiki ikapita. Asubuhi moja Amanda alikaa mezani akisikiliza.

"Hatembei tena," alisema. Machozi yalimtoka. "Hata kama alinitisha, nilikuwa najua yuko karibu."

Hilja alimshika mabega. "Hakuwa yeye, mama. Kwa hiyo hatujui kwamba amekufa."

Amanda akajifuta uso, akakata mkate mweusi, akaufunga kwenye kitambaa.

"Chukua," alisema. "Utachelewa kazini."