Vikofia vya Fonti Yangu

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua viatu, Mama hunituma kufuta vumbi kwenye kompyuta mbili za duka letu la uchapaji. Moja iko mbele, karibu na mlango. Hiyo ndiyo ya kutengenezea kadi, vyeti na mabango. Nyingine iko chumba cha nyuma, imeunganishwa kwa waya na mashine kubwa ya kuchapa. Hiyo ya nyuma ni kongwe. Ukiiwasha unaweza kwenda kunywa maji, ukarudi, ukaikuta bado inajinyoosha.

Mwenye chumba cha nyuma ni Fundi Wino. Aliitwa hivyo kwa sababu vidole vyake havijawahi kuonekana bila rangi. Mimi huitwa Kalamu, kwa ajili ya mwandiko wangu. Sisemi kwa kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu kidogo.

Muhula huo mwalimu mkuu wetu alimletea Mama kazi ya vyeti mia moja na ishirini vya wanafunzi wanaomaliza shule. Karatasi alizileta mwenyewe: nzito, zenye ukingo wa dhahabu, idadi kamili bila ya ziada. Mama akanitazama, akasema, "Wewe si una mwandiko? Chora herufi zote tuzifanye fonti. Vyeti viandikwe kwa mkono wako."

Wiki nzima nilichora, A mpaka Z, kubwa na ndogo. Mama akanionyesha jinsi ya kuzigeuza kuwa fonti, yaani herufi za mtindo mmoja ambazo kompyuta huzitafuta kwa jina moja. Ikabaki kuipa hilo jina.

"Iite jina rahisi," Fundi Wino alinionya akiwa amesimama mlangoni. "Herufi tupu, zisizovaa vikofia wala vimkia. Kompyuta yangu haisomi mapambo hayo. Ikikuta jina isilolijua haimuulizi mtu. Inachukua fonti yoyote nyingine na safari inaendelea."

"Sawa, Fundi."

Ilikuwa sawa ya mdomoni. Mtandaoni nilikuwa nimeona fonti za wakubwa, majina yake yana alama juu ya herufi, yamependeza kama wageni waalikwa. Mimi nibaki Kalamu tu, kama kitu cha kununua dukani? Nikaandika *Kalámû*. Nikajitazama kwenye skrini, nikaona nimeshapanda ndege.

Kwenye kompyuta ya mbele fonti ilifanya kazi bila shida. Nikaiweka kwenye flashi pamoja na vyeti, nikapeleka nyuma.

"Jina liko safi?" Fundi Wino akauliza.

"Safi kabisa."

Sasa, duka letu lina utaratibu wake. Kabla ya kazi kuchapwa, fundi hutoa sampuli moja kwenye karatasi ya kawaida. Mwenye kazi huisoma, kisha husaini nyuma yake. Bila saini, mashine hailii. Sampuli yangu ilinikuta nimezungukwa na wasichana watatu wa darasa letu, nawaonyesha kwenye skrini jinsi majina yao yatakavyong'ara.

"Bosi mdogo, hebu tazama. Ndizo herufi zako hizi?"

"Ndizo," nikajibu bila kugeuza hata shingo. Nikaipokea karatasi, nikailaza kifudifudi mezani, nikasaini mgongoni mwake kwa mbwembwe ili wasichana waone. "Chapa tu, Fundi."

Akaiacha pale mezani, akaenda kuchapa.

Wenzangu walipoondoka nilikwenda nyuma kuona kazi yangu. Rundo lilikuwa limekamilika, bado lina joto. Nikainua cheti cha kwanza. Herufi zilikuwa nyembamba, za kuachana-achana, kama barua ya kudai ushuru. Cha pili hivyo hivyo, na cha mia moja pia. Mkono wangu haukuwemo hata kwa nukta.

Nikakimbia mbele kugeuza sampuli. Nayo ilikuwa vilevile. Nilikuwa nimesaini uozo bila kuutazama. Nikasikia sauti ya Mama nje, amerudi kutoka kupeleka mabango. Sijui niliwaza nini. Niliikunja ile karatasi, nikaisukuma ndani ya mkoba wangu wa shule kati ya madaftari.

Mama alipoviona vyeti alipekua vitatu vya juu. Kisha akaita, "Fundi! Hiki ni nini?"

"Ndivyo ilivyotoka kwenye sampuli, Mama Kalamu. Kalamu mwenyewe akasaini."

"Iko wapi?"

"Nilimwachia mezani."

Mama akanigeukia. Mkoba ulikuwa mgongoni kwangu, mzito utadhani nimebeba mashine yenyewe.

"Ulisaini sampuli?"

"Hapana, Mama. Sijaiona."

Fundi Wino akanitazama. Sikuona hasira machoni mwake, afadhali ningeiona.

"Mwezi uliopita ulichapa bango la watu bila saini," Mama akamwambia. "Nikakuonya kwamba likijirudia tutaagana. Ijumaa watoto wa watu wanasimama mbele ya wazazi wao, nitawapa nini? Tena unamsingizia mtoto! Vua aproni, Fundi."

"La bango nilikosa, nilikubali," alisema. "Hili la leo, hapana." Akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti. Mama akatoka kwenda kumpigia simu mwalimu mkuu.

Nilidhani Fundi atanisema. Akaniita kwa mkono.

"Njoo nikuonyeshe kuizima, maana kesho sipo. Subiri taa hii izime kwanza, ndipo uchomoe waya. Ukifanya haraka wino unakauka ndani, mashine inakufa. Umeelewa, bosi mdogo?"

Bosi mdogo! Mtu nimemtoa kazini, naye ana wasiwasi mashine isije ikafa mikononi mwangu. Uso uliniwaka hadi masikioni. Natamani niseme kwamba nilikuwa jasiri, lakini ukweli ni kwamba nililia kama mtoto wa chekechea, nikatoka mbio na mkoba wangu.

"Mama, usipige simu kwanza." Nikamkabidhi karatasi iliyokunjamana. "Saini ni yangu. Na fonti niliipa jina lenye vikofia. Fundi alinikataza. Nikamdanganya kuwa liko safi."

Mama akaigeuza karatasi. Saini yangu, kwa bahati mbaya, ilisomeka vizuri sana.

Hakunipigia kelele. Alirudi chumba cha nyuma, nami nyuma yake. "Fundi, nimekukosea. Nilimwamini mwanangu kabla ya kukusikiliza wewe. Naomba unisamehe."

Fundi Wino alisugua wino vidoleni. "Yameisha, Mama Kalamu. Ila aproni hiyo sijivalishi. Aje anifungie huyu aliyeifungua."

Nikaifunga. Fundo la kwanza lilifunguka. Akasubiri, nikalifunga tena.

Kubadili jina la fonti kulichukua dakika mbili. Karatasi ndizo zilikuwa taabu. Asubuhi Mama alinipeleka hadi mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, akanisukuma ndani peke yangu. Nikaeleza yote, walimu wawili wakisikiliza.

"Za dhahabu hazipo tena," mwalimu mkuu akasema. "Mnazo nyeupe?"

"Tunazo. Ukingo nitauchora mwenyewe kwa rula na kalamu ya dhahabu."

"Vyote mia na ishirini? Na wenzako wakiuliza?"

"Nitawaambia."

Waliuliza, nikawaambia. Wale wasichana watatu walicheka mpaka wakashikana mabega. Walikuwa na haki.

Fundi Wino alichapa upya, safari hii kwa herufi zangu. Jioni mbili nilikaa na rula. Jioni ya pili Mama akavuta kiti karibu yangu.

"Kosa lako ungelisema likiwa bichi, lingebaki kosa tu," alisema. "Kila mtu hukosea, hata mimi juzi nilikosea. Lakini ukilificha, mwanangu, linatafuta mtu mwingine wa kulibeba. Karatasi tumepata nyingine. Fundi angetoka kwenye mlango ule kwa uongo wako, ungemrudishaje?"

Nilikuwa kwenye cheti cha sitini na tatu, na ilibidi niweke kalamu chini kwanza, maana mstari sikuuona vizuri.