Kaburi Namba Thelathini na Moja

Kila siku ya shule Alistidia aliamka kabla ya saa kumi na mbili. Alifagia uwanja, akachemsha chai, akapasha moto ndizi zilizobaki jana, kisha akavaa sare. Wakati huo mama yake, Skolastika, alikuwa keshaondoka kwenda Kemondo kuchukua samaki wa kuuza. Waliishi wawili tu katika mtaa wa Rwamigongo, ukivuka tu Hamugembe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyozungukwa na migomba ya jirani.

Baba yake, Mashauri, alikuwa mvuvi katika visiwa vya Muleba. Miaka minne iliyopita mtumbwi wao ulipinduka. Mwili wake ulionekana siku ya tano, ufukweni Kemondo. Watu wa afya waliagiza azikwe siku ileile, kwa hiyo hakufika kwao. Alizikwa hapo mtaani, katika makaburi madogo yaliyoitwa Bondeni.

Skolastika alikuwa na tabia moja iliyowachekesha majirani. Kila jioni, akirudi na beseni lake kichwani, alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa na kusoma kila kitu: chanjo ya watoto, mkutano wa wazazi, hata tangazo la mbwa wasiofungwa, na yeye hakuwa na mbwa.

"Mama Alistidia, unatafuta kazi ya ukatibu?" walimtania.

"Serikali haibishi hodi," aliwajibu. "Inabandika. Usiposoma, utashtukia imeingia hadi jikoni."

Alistidia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Ijumaa moja Mwalimu Annastella aliwatangazia wanafunzi kwamba Jumatatu angekagua madaftari, na daftari lisilojalidiwa lingebaki nje pamoja na mwenyewe. Alistidia alijalidi madaftari yote kwa magazeti ya zamani, isipokuwa la sayansi. Magazeti yalikwisha.

Alipopita ofisi ya mtaa alasiri hiyo, manyunyu yalikuwa yameanza na hapakuwa na mtu. Katikati ya ubao palikuwa na karatasi mpya, kubwa, nene na nyeupe. Ilikuwa na muhuri wa bluu. Alistidia alitazama kulia, akatazama kushoto. Mtu anayetazama pande zote mbili kabla ya kufanya jambo huwa anajua kabisa analolifanya, na yeye alijua. Alichomoa pini nne, akaikunja karatasi chini ya sweta, akakimbia.

Nyumbani aliikata kwa mkasi ikae sawasawa na daftari, maandishi yakiwa ndani. Kipande cha chini kilichobaki alikiwashia moto wa jioni. Jumatatu Mwalimu Annastella aliliinua daftari lile darasa zima lilione. "Tazameni usafi huu," alisema. Wenzake walimpigia makofi, naye alifurahi kuliko alivyofurahi siku nyingi. Karatasi akaisahau.

Wiki tatu zilipita. Kisha mambo ya ajabu yakaanza kule Bondeni. Watoto waliokwenda kukata nyasi za mbuzi walirudi wakisema wamewaona wanaume watatu wakitembea kati ya makaburi na kopo la rangi nyekundu. Hawakuongea. Walisimama kwenye kila kaburi, mmoja akaandika daftarini, mwingine akapaka rangi, wakaenda kwenye lingine. Baadaye magari mawili yalikuja kutazama, yakaondoka. Mbwa wa upande ule walibweka mchana kutwa.

Jumapili, baada ya ibada, Skolastika na binti yake walikwenda kufyeka kaburi la Mashauri kama walivyozoea. Msalaba wake wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa, na ubao wenye jina ulikuwa umekwisha kabisa. Lilibaki jiwe moja kubwa ambalo Skolastika aliliweka mwenyewe kichwani pa kaburi. Siku hiyo jiwe lilikuwa na namba nyekundu: 31.

Skolastika aliachia panga. "Mae! Nani kafanya hivi?"

Makaburi yote yalikuwa na namba. Baadhi, chini ya namba, yalikuwa yameandikwa majina. La Mashauri lilikuwa na alama ya kuuliza. Alistidia aliipenda alama hiyo darasani. Pale juu ya jiwe la baba yake ilimtisha.

"Labda ni serikali, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Ingekuwa serikali, ingebandikwa. Sijapita ubao ule hata siku moja bila kusoma." Skolastika alilifuta lile jiwe kwa kanga yake, lakini rangi ilikuwa imekauka. "Hakuna tangazo. Basi ni watu wabaya. Wanataka nini kwa mume wangu?"

Hapo ndipo Alistidia alipozikumbuka zile pini nne.

Walipofika nyumbani alijifungia chumbani, akalivua daftari la sayansi jalada lake. Herufi kubwa zilimtazama: TANGAZO LA KUHAMISHA MAKABURI YA BONDENI. Chini yake: "Ili kupisha ujenzi wa mtaro mkubwa wa maji ya mvua, ndugu wa marehemu waliozikwa Bondeni wanatakiwa kujiandikisha ofisi ya mtaa. Kaburi lisilo na ndugu litafukuliwa, na mabaki yatazikwa katika kaburi la pamoja. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe..."

Tarehe haikuwepo. Ilikuwa kwenye kipande alichowashia moto.

Angeweza kutoka chumbani wakati uleule na kusema. Mama alikuwa hatua sita tu kutoka hapo, akimenya ndizi. Lakini Alistidia alilivika daftari jalada lake, akaliweka chini kabisa ya mengine. Alijiambia kwamba pengine tarehe bado iko mbali. Uoga una maneno mengi, na yote hupendeza masikioni mwa mwenye kosa.

Jumatatu asubuhi, akienda shule, alilikuta katapila la njano limeegeshwa juu ya Bondeni. Hakuna aliyekuwa akiliendesha. Meno yake yalikuwa yameelekezwa chini, upande wa jiwe la baba yake. Siku hiyo Alistidia hakusikia somo hata moja. Mwalimu Annastella alimuuliza swali mara mbili.

Jioni mama yake alirudi, akaketi kuparua magamba ya samaki. Alistidia alisimama mbele yake na jalada mkononi.

"Mama, tangazo lilikuwepo. Nililichukua mimi. Nilijalidia daftari."

Kisu kilisimama. "Lisome."

Alisoma mpaka penye neno tarehe, akanyamaza.

"Endelea."

"Limeishia hapo, mama. Nilikata. Kipande kingine niliwashia moto."

Alingoja kofi. Halikuja, na ingekuwa afadhali lije. Skolastika alinawa mikono polepole, akatoka nje, akasimama akilitazama lile katapila kwa mbali.

"Niliwapigia magoti wale watu wa afya," alisema bila kugeuka. "Wanipe siku moja tu, nimpeleke kwao Muleba, kwa baba yake, kwenye kibanja chao. Walisema haiwezekani. Basi nikamwambia pale kaburini: Mashauri, nisubiri hapa, nitakuja kukuchukua. Sasa wakimchanganya na wengine, nitamjua vipi?"

Alistidia alilia kwa sauti. Mama yake hakumbembeleza, ila alimwekea chakula, naye hakula.

Jumanne, ofisi ya mtaa ilipofunguliwa, walikuwa mlangoni. Mtendaji wa mtaa, Bwana Karugendo, alikuwa mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Kasinge waitu," Skolastika alisalimia, kisha akamsukuma binti yake mbele. "Sema."

Alistidia aliweka karatasi mezani, akasema yote. Bwana Karugendo aliitazama karatasi iliyokunjwa, na mistari ya penseli pembeni yake.

"Nilidhani mvua imelichukua watu wakiwa wameshalisoma," alisema. "Wengi waliojiandikisha walisikia kwenye mkutano wa mtaa. Wewe, Mama Alistidia, hukuja."

"Nilikuwa Kemondo. Mwisho lini, Bwana Mtendaji?"

"Leo. Saa tisa na nusu naifunga orodha na kuipeleka mjini. Kesho wanaanza kuchimba."

Ilikuwa saa mbili. Alifungua orodha, akashuka kwa kidole. Namba thelathini na moja: hajulikani.

"Nakujua, mama, na nakuamini," alisema. "Lakini siwezi kuandika jina kwa kuamini tu. Kesho mwingine atakuja kudai kaburi hilohilo. Nahitaji kibali cha mazishi."

"Mchwa walikula. Walikula na kabati."

"Chako wamekula. Cha ofisi hawakula. Kila kibali kinaacha kishina kwenye kitabu, na kitabu kinatunzwa masijala, ofisi ya afya, mjini. Ni haki yako kuomba kitafutwe. Usiombe kama unaomba chumvi. Sema tarehe ya mazishi, na useme unataka nakala yenye muhuri." Aliandika barua fupi, akaigonga muhuri. "Nendeni. Saa haimsubiri mtu."

Walipanda bodaboda moja wote wawili, wakapita Miembeni maduka yakifunguliwa. Ofisi ya kwanza waliambiwa siyo. Ya pili waliambiwa mhusika yuko kikaoni. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Skolastika alikaa kwenye benchi ameishika barua kwa mikono miwili. Saa saba mtunza kumbukumbu, Mama Judica, alitoka kikaoni, akaisoma barua, akawaongoza hadi chumba chenye rafu zilizojaa vitabu vyenye vumbi.

Alileta kitabu cha mwaka ule, akatafuta jina la Mashauri. Halikuwepo. Akatafuta tena.

"Pole, mama. Huyu hayumo."

Alistidia alimtazama mama yake, kisha akaukusanya ujasiri wote uliokuwa umebaki mwilini mwake, akamgeukia Mama Judica.

"Samahani, mama. Baba aliokotwa Kemondo. Labda hawakuandika jina. Naomba tutafute kwa tarehe."

Mama Judica alimtazama juu ya kitabu. "Na kweli. Vishina vinafuatana kwa tarehe, siyo kwa majina." Alifunua kurasa hadi tarehe ambayo Skolastika hakuhitaji kuikumbuka, maana hakuwahi kuisahau. Vishina vilikuwa vitatu. Cha tatu kiliandikwa: "Mwanaume. Ameokotwa ufukweni Kemondo. Kuzikwa: Bondeni." Chini, penye mpokeaji wa mwili, palikuwa na saini iliyopinda ya mtu aliyeandika huku akilia.

"Hiyo ni yangu," alinong'ona Skolastika. "Huo ni mkono wangu."

Walirudi Rwamigongo saa tisa na dakika kumi na saba. Bwana Karugendo alikuwa amevaa koti, orodha iko mezani, kalamu juu yake. Alisoma nakala, akafuta neno "hajulikani", akaandika jina taratibu na kwa herufi kubwa: MASHAURI NDYAMUKAMA.

"Mabaki yapelekwe wapi?" aliuliza.

"Nyumbani," alisema Skolastika. "Muleba."

Alistidia alikuwa akiitazama orodha. Namba kumi na mbili na namba arobaini bado zilikuwa na neno lilelile. "Na hawa?" aliuliza.

"Hawajaja." Bwana Karugendo aliifunga orodha.

Asubuhi iliyofuata Alistidia alizunguka nyumba kwa nyumba pamoja na mtendaji, akieleza na kuomba radhi. Hakuna aliyewajua wale wawili. Alasiri aliona masanduku mawili madogo yasiyo na majina yakipakiwa kwenye gari, yakaondoka.

"Tangazo lingekuwepo, wangekuja?" aliuliza.

"Sijui," alijibu mtendaji. "Na wewe hutajua kamwe. Hiyo ndiyo adhabu yako, mimi sina nyingine."

Jumamosi Mashauri alizikwa kwenye kibanja cha kwao Muleba, kati ya migomba ya baba yake. Baada ya watu kutawanyika, Alistidia alipiga magoti mbele ya babu yake, Mzee Ndyamukama, akamweleza kila kitu, pamoja na namba kumi na mbili na namba arobaini. Mikono ya mzee ilikuwa bado na udongo wa kaburi la mwanawe.

"Ulijua lini kosa lako?" aliuliza.

"Jumapili, babu."

"Ukasema lini?"

"Jumatatu jioni."

"Ulisema, na mwanangu amerudi. Kwa hilo nakushukuru, mjukuu wangu, maana wapo watu wazima wasiosema mpaka wanakufa. Lakini sikia. Kitu kilichobandikwa mbele za watu ni cha watu wote, hata yule ambaye hujamwona. Na ukweli ukishajua kwamba unatakiwa, usiulaze. Ungesema Jumapili, Karugendo angebandika tangazo lingine Jumatatu. Huenda na wale wawili wangepata wa kuwapokea."

Alimshika mkono, akamwinua.

Tangu siku hiyo daftari la sayansi halikuwa na jalada. Mwalimu Annastella alipouliza, Alistidia alimweleza palepale, mbele ya darasa, kabla hajaulizwa mara ya pili. Na kila Ijumaa alisimama na mama yake mbele ya ubao wa matangazo, akasoma kwa sauti ili wapitao wasikie.