Majani Makavu ya Salato

Kila alasiri, kengele ya shule yao pale kisiwani Taveuni ikishalia, Vasiti alipalilia tuta la darasa la sita. Kesho, Ijumaa, darasa zima lingepanda magimbi. Yeye ndiye kiongozi wa bustani, na aliapa kuwatoa kamasi darasa la saba kwa mavuno.

Kikwazo kilikuwa salato, mti unaowasha kuliko upupu; mche wake ulisimama pembeni mwa tuta. Mjomba Isikeli, mtunza bustani, alimwambia, "Huo niachie mimi." Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Jumatatu Vasiti aliukata kwa kwanja, akauacha juani. Leo majani yalikuwa yamekauka, naye akaamini kilichokufa hakiumi. Akayakokota kwa reki, akayatandaza tuta zima ili udongo usipoteze unyevu. Jani moja lilinasa kwenye reki. Alipolinasua kwa mkono, vidole vikawaka moto, akarukaruka.

"Vipi, kiongozi, unacheza ngoma peke yako?" aliuliza Ratuva, mwanafunzi mwenzake, akipita.

"Nyuki," Vasiti alidanganya.

"Pole. Kesho mimi napanda pekupeku. Tuta laini hivyo, viatu vya nini?"

Vasiti aliingiwa na hofu. Watoto thelathini wangekanyaga pale. Akisema, huenda angevuliwa uongozi. Aliuma meno, akaenda moja kwa moja kwa Mjomba Isikeli, aliyekuwa akila muhogo kibarazani.

"Mjomba, nimeukata ule salato. Majani makavu nimeyatandaza tutani."

Isikeli aliacha kula. "Salato hukauka, mwanangu, lakini vinyweleo vyake bado vinachoma. Lete mkono. Usiusugue."

Alibandika utepe wa gundi kwenye vidole, akaubandua pamoja na vinyweleo, akarudia mara nyingi. Vasiti alitokwa na machozi.

"Sasa kapumzike. Nitayaondoa mwenyewe."

"Hapana, Mjomba. Nimeyatandaza mimi. Nipe glavu."

Wakavaa buti, glavu nene na vitambaa puani. Wakazoa kila jani pamoja na udongo wa juu.

"Tuyachome?"

"Moshi wake utatuumiza vifua. Tuyafukie."

Shimo likachimbwa mbali na tuta, kina cha kiuno. Vasiti hakutua jembe mpaka likafukiwa.

Asubuhi alisimama mbele ya darasa, akaeleza yote, hata uongo wa nyuki. Ratuva akaenda kuvaa viatu bila utani. Ndipo Mjomba Isikeli akasema, "Mmea usioujua, uliza kabla hujaugusa. Ukikosea, sema kabla mwenzako hajakanyaga. Kiongozi, tuonyeshe pa kuanzia."