Foleni ya Evarista

"Laki mbili na arobaini kila mtu," Consolatha alisema, "halafu unakataa kutusainia kwa sababu ya barua moja ambayo wala hatukuituma sisi?"

"Sisaini," Gozbert akajibu. "Niliwaambia tangu Jumatatu. Foleni ikibaki na barua hata moja, hujafaulu, na ambaye hajafaulu hapati posho. Msimamizi wa seva halazi barua za watu."

Aliyasema hayo huku kifua kiko mbele. Aibu ilikuwa bado iko njiani.

Mwaka ulikuwa 2006, kambi za wakimbizi zinapungua watu, na ile ofisi ya barua pale Ngara mjini ilikuwa inakabidhiwa kwa wenyeji. Ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mbao la kuhudumia watu. Mkimbizi aliyepotezana na ndugu zake aliandika barua kwenye fomu, karani akaichapa, seva ikaipeleka kwenye ofisi nyingine za shirika la misaada, Kibondo, Bujumbura, popote. Seva hiyo aliifunga Gozbert mwenyewe mwaka 2004. Alikuwa mtu wa Biharamulo, hakusomea kompyuta popote. Alijifunza kwa kufungua mbovu na kuzirudishia. Sasa shirika lilikuwa limemrudisha awafundishe wasimamizi wawili, Consolatha wa Bukiriro na Danstan wa Murusagamba: kufungua masanduku ya barua pepe, kugawa maneno ya siri, kutunza nakala, kuhakikisha foleni ya barua zinazongoja kutumwa haikwami.

"Imetoka sanduku gani?" aliuliza.

"Evarista," Danstan alisema, sauti imeshuka. "Ni sanduku langu la majaribio. Ulisema tuchukue jina lolote kwenye rejista ya zamani. Lakini mwalimu, mimi nilifungua sanduku tu. Sijaandika kitu."

Gozbert akainama kwenye skrini. Barua ilikuwa moja, haina tarehe, haina neno hata moja ndani.

"Ifute."

Danstan akaifuta. Ikarudi. Akaifuta tena. Ikarudi.

Hapo dirisha likagongwa. Mara tatu, taratibu, kwa sauti kavu, kama ukingo wa kadi ngumu kwenye mbao. Consolatha akafungua. Nje kulikuwa na ukungu wa saa tatu asubuhi na mteremko wa barabara. Hapakuwa na mtu.

Gozbert aliijua sauti ile. Ilikuwa kadi ya mgao wa chakula.

Mwaka ule wa 2004 Evarista alikuja kila Alhamisi kwa wiki kumi na moja. Mama mwembamba, blanketi begani, hakuwa na kelele. Aligonga dirisha kwa ukingo wa kadi yake, tatu, akauliza kama majibu yamekuja. Na kila Alhamisi Gozbert alimwambia, "Imekwenda, mama. Subiri." Barua yake haikwenda popote. Seva ilikuwa imekwama na barua mia nne na kumi na mbili, diski imejaa, na kesho yake alikuwa anakuja mkubwa wa kukagua. Gozbert hakujua namna ya kuzikwamua. Angeweza kupiga simu kuuliza, lakini alishawatangazia watu wote kwamba hakuna asichokijua. Basi akazifuta zote kwa mkupuo mmoja, na kwenye ripoti akaandika: zote zimefika. Wiki ya kumi na mbili Evarista hakuja. Alikuwa amefia kambini, kwa homa, mvua ikinyesha.

"Mwalimu," Danstan alinong'ona, "kwetu marehemu anajengewa kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba. Ukishakijenga, ukamtaja jina, umemkaribisha. Mimi nimemfungulia sanduku na jina lake nikaliandika mlangoni. Huyu mama yuko hai?"

"Hii ni seva, si kijumba."

"Ana pa kukaa na ana jina. Tofauti yake nini?"

"Angekufuata basi huko huko Murusagamba," Consolatha alisema, "asituzuilie posho." Lakini hakucheka, na mikono aliificha kwapani.

Gozbert akatoka kwa hasira akaizima jenereta. Taa zikafa, skrini ikafa, na aliporudi ndani aliwakuta wawili wale wamesimama wameegemea ukuta, kwa sababu feni ya seva ilikuwa bado inavuma, ila haikuvuma tena kama feni, ilivuta na kutoa, ikavuta na kutoa, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani na sasa amefika na anangoja apumue kwanza kabla hajasema kilichomleta, na chumba kizima kikajaa harufu ya moshi wa kuni mbichi na blanketi lililolowa, harufu ile ile iliyokuwa ikiingia kila Alhamisi dirishani, ikiwa karibu kabisa na shingo yake.

Kesho yake Danstan alikuja na mama yake mkubwa, Nyamizi, ambaye watu wa Murusagamba humwita wakipatwa na mambo. Alikuwa na rozari shingoni na unga wa mtama kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliizunguka seva, akainusa. "Hiki chuma ndicho kinachobeba barua za watu?"

"Ndicho."

"Na kinashiba?"

Akanyunyiza unga chini ya meza, akaketi kwenye kiti cha mwalimu, akafumba macho kwa muda mrefu. Alipoyafumbua alianza kukifunga kitambaa chake.

"Huyu simtoi," alisema. "Mimi natoa wanaoonea watu. Huyu haonei mtu, anadai. Nani alimwambia barua yake imekwenda?"

Gozbert aliwaona wanafunzi wake wakiangalia sakafu, halafu Consolatha akainua macho akamwangalia usoni, na hilo ndilo lililomvunja.

"Mimi," alisema. "Ilinipotea. Moja tu. Hiyo yake."

"Moja," Nyamizi alisema.

"Moja, mama."

Fomu za zamani zilikuwa kwenye boksi stoo. Alijifungia peke yake, wengine wasione fomu za barua alizozifuta ni ngapi, akaitafuta, akaipata. Akawasha jenereta, akaichapa neno kwa neno, masikio yakiwaka moto: *Mwanangu Ndikumana, niko hai. Kibanda cha tatu kutoka kwenye bomba la maji. Sihami mpaka uje. Blanketi lako ninalo. Ukifika gonga.*

Akaituma. Ikaenda. Foleni ikasoma sifuri, na harufu ikatoka chumbani kama mtu aliyeaga.

Saa nane mchana likaja jibu kutoka Kibondo, la karani ambaye hakujua kitu: *Ndikumana alikuwa hapa miaka miwili, akiuliza barua kila wiki. Tulimwambia hakuna. Mwezi uliopita alikubali kwamba mama yake alishakufa, akarudi Burundi. Hii barua ilikuwa wapi?*

Consolatha aliisoma kwa sauti mpaka mwisho. Gozbert alizivuta karatasi za posho akaanza kusaini haraka haraka, ya Danstan, kisha ya Consolatha, ili watu waondoke, ili chumba kibaki kitupu.

"Mwalimu," Danstan alisema. "Foleni."

Mia nne na kumi na moja. Zote hazina tarehe. Kila moja ilikuwa na jina, na majina hayo hakuna aliyeyafungulia sanduku.

Nyamizi, ambaye alikuwa ameshafika mlangoni, aligeuka. "Ulisema moja."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Gozbert. Alifungua kinywa ili aseme ni hitilafu ya mfumo, akawaona wanafunzi wake wanamngoja aseme hivyo, akaiweka kalamu mezani. Nje ya dirisha, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kadi zilianza kugonga mbao, moja, halafu kumi, halafu nyingi zisizohesabika, taratibu, kila moja ikisubiri zamu yake kama ilivyofundishwa kusubiri, na harufu ya moshi wa kuni mbichi ikarudi nzito kuliko jana. Kisha zikanyamaza zote, na sauti ya mzee mmoja, karibu kabisa na mbao, ikasema bila ukali:

"Na yangu ya tarehe nne Machi. Ipeleke."